Mwenye Mali Asiye na Pingamizi

Hapa Takaoka ukitaka fundi wa kengele za hekaluni utampata, ukitaka fundi wa shaba utampata kila mtaa. Lakini fundi wa kuitikia alikuwa mmoja tu, naye ni Bwana Tsuritani Yasunori, mkuu wa Idara ya Utawala pale Kurobane, kampuni ya mabomba ya bafuni. Usicheke. Kuitikia ni kazi, na yeye aliianza angali na nywele.

Kila mwaka mwezi wa Juni, mvua zikiwa zimeshika, Kurobane walifanya mkutano mkuu wa wanahisa. Wafanyakazi wenye hisa walifika mapema wakakaa mstari wa mbele wote, ili mtu wa nje akiingia asiione meza kuu ila kupitia visogo vyao. Mwenyekiti anasoma hoja. Tsuritani, aliyekaa kiti cha kwanza kando ya njia, anainua kalamu. Mstari mzima unalipuka: "Hakuna pingamizi!" Kisha makofi. Hoja imepita. Hoja ya pili, kalamu juu, hakuna pingamizi, makofi. Wali haujaiva jikoni mkutano umekwisha, na wanahisa wanarudi makwao na mfuko wa kamaboko, ile mikate ya samaki ya kuviringishwa na mwani, wakidhani wamepata haki yao.

Siku moja kabla, mazoezi yalifanyika kantini.

"Bi Hosomi, hiyo ni sauti ya kumwita paka," Tsuritani alisema. "Itoe tumboni!"

"Bosi, tumbo lenyewe halijala," alijibu Bi Hosomi, mama wa idara ya kufungasha, na vijana wa karakana wakaangua kicheko.

"Tena! Na mkishamaliza msitazamane. Mtu mwenye uhakika hamtazami jirani yake."

Uhakika wa nini? Hakuna hata mmoja aliyewahi kusoma hoja. Mtu anaamka asubuhi, anafunga tai, anakwenda kukubali kitu asichokijua, kisha anasifiwa kwa sauti yake. Na Tsuritani alijivunia jambo hilo kama mtu aliyejenga daraja.

Mambo yaliharibika pale benki iliyokuwa rafiki wa marehemu mwanzilishi wa Kurobane ilipouza hisa zake zote bila hata kubisha hodi. Zilinunuliwa na mfuko wa uwekezaji wa London, ukaendelea kuokota nyingine huku na kule hadi ukafika karibu theluthi ya kampuni. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Wahenga hao hawakuwahi kununuliwa theluthi.

Mzee Kurobane, mkurugenzi mkuu, mjukuu wa mwanzilishi, alimwita Tsuritani ofisini, chini ya picha ya babu mwenye masharubu.

"Tsuritani, wewe unajua Kiingereza."

"Hapana Mzee, ni kidogo mno. Nilifanya mtihani zamani, kabla sijaoa."

"Ndiyo hivyo, unajua. Sasa hawa watu wana maneno yao ya umiliki. Nani mwenye kampuni, nani mwenye nusu, nani chini ya nani. Wanayarusha mezani sisi tunabaki kutabasamu. Jifunze yote, uje utufundishe."

"Ndiyo, Mzee."

"Na nikwambie jambo." Mzee akashusha sauti. "Mwaka huu kutakuwa na kupanguana. Waliovuka hamsini wengi watakwenda kampuni mtoto. Lakini mtu anayejua maneno haya, huyo nitamhitaji hapa nyumba kubwa."

Tsuritani alikuwa na miaka hamsini na minne. Mkono wake ulipanda wenyewe ukaigusa beji ya fedha kwenye kola ya koti. Beji ya fedha ni ya kampuni mzazi. Beji ya shaba ni ya kampuni mtoto, na mwenye kuivaa huinama zaidi kwa wageni, hulipwa pungufu, na mkewe huanza kununua mboga mtaa wa pili ili asikutane na wenzake. Kuanzia saa ile, kitu pekee alichokitaka Tsuritani duniani ni kustaafu na beji ile ya fedha kifuani. Hilo tu. Hakutaka ukurugenzi wala sifa.

Basi akajifunza. Loo, alijifunza! Aliandika maneno kwenye vikadi, Kijapani upande huu na Kiingereza upande ule, akavitia kwenye mifuko ya plastiki ya kuhifadhia samaki, akaingia navyo kwenye beseni la kuogea. Maji ya moto yalimfika shingoni, yeye anakariri kama mtawa. Mkewe, Sumie, alikaa nje ya mlango wa bafu akikunja nguo na kumuuliza.

"Baba Nao! Mwenye hisa zaidi ya nusu anaitwaje?"

Mle ndani ikasikika sauti ndefu, yenye kona nyingi.

"Umelisema au umeteleza?"

"Nimelisema!"

"Haya. Kampuni mtoto?"

Hilo alilipenda. Sisi hapa huita kampuni mzazi, kampuni mtoto, na ikizaa tena, kampuni mjukuu. Neno hilo lilimpa Tsuritani faraja kidogo, kwamba hata mambo yakiwa mabaya, mzazi hamtupi mwanawe. Alilitamka lile la Kiingereza kwa taratibu, silabi moja moja.

Sumie alikigeuza kikadi. Aliwahi kuwa mhudumu wa hoteli ya watalii, na Kiingereza cha kujua nani anadanganya alikuwa nacho. "Mbona upande huu simwoni mtoto?"

"Vipi?"

"Si umeandika maana yake hapa chini, kwa mkono wako? Kitu kilicho chini ya kingine, cha kukisaidia. Kama kigoda."

"Ndiyo," alisema kutoka majini. "Kama kigoda."

"Basi kigoda mtu hukikalia, na kikichakaa hukiuza. Mtoto yuko wapi hapo?"

"Mama Nao, uliza neno jingine."

"Haya, mwanahisa. Maana yake?"

"Mwenye sehemu ya kampuni. Mmiliki."

"Na Mzee Kurobane ana sehemu gani?"

"Sita katika mia."

"Na kile chama chenu cha hisa, mnachokatiwa mshahara kila mwezi tangu mwanetu Nao anatambaa?"

"Tisa katika mia."

Sumie akaacha kukunja soksi. "Yaani ninyi mnamzidi Mzee? Sasa nani mpangaji, nani mwenye nyumba?"

"Shh! Punguza sauti!" Tsuritani alifoka, maji yakamwagika sakafuni. Alitazama dirisha dogo la bafu utadhani polisi wamesimama nje. Na mwenyekiti wa chama hicho, mwenye kupiga kura kwa zile tisa zote, unamjua ni nani? Ni yeye mwenyewe, aliyejificha majini. Miaka yote alimpigia Mzee kura bila kuuliza, kwa sababu fomu ililetwa imeshajazwa, na kuuliza ni utovu wa adabu.

Darasa la wakurugenzi lilifanyika saa ya chakula cha mchana, kila mmoja na kisanduku chake cha wali. Tsuritani aliandika ubaoni: wenye mali juu, menejimenti chini.

"Ngoja," alisema Mkurugenzi Numajiri, mtu wa fedha, mwenye mdomo wa kutafuna hata asipokula. "Sisi tuko wapi?"

"Hapa chini, Bwana Mkurugenzi. Menejimenti."

"Na hawa wa juu wanafanya nini?"

"Wanawaajiri wa chini."

Vijiti vya kulia vilisimama hewani. "Yaani mimi ni mwajiriwa?" Numajiri aliuliza.

"Kwa Kiingereza, ndiyo."

"Hao watu hawana adabu. Sasa neno la mtu kama Mzee ni lipi? Ambaye kampuni ni ya babu yake, jina ni lake, na picha ipo ukutani?"

Tsuritani alipekua vikadi mbele na nyuma. "Hilo halipo, Bwana Mkurugenzi. Kama hisa aliziuza, neno lake halipo."

"Futa ubao," alisema Mzee Kurobane. Ukafutwa, na watu wakarudia wali wao. Asiyejua maana haambiwi maana, na hawa walikuwa wameshiba.

Mwezi wa Aprili akaja mtu wa London mwenyewe, Bi Ormsby, mwanamke mrefu mwenye mwavuli wa kiume. Akanywa chai, akauliza swali moja, na Tsuritani akatafsiri: "Anauliza, kampuni hii ni ya nani?"

Mzee akapanua mikono. "Mwambie sisi hapa sote ni familia moja."

Tsuritani akasema. Bi Ormsby akatabasamu, akajibu taratibu ili aeleweke: "Sijauliza nani wanakula pamoja. Nimeuliza ni ya nani."

"Anasemaje?" Mzee aliuliza.

Tsuritani alielewa kila neno. Shida yake ndiyo ilianzia hapo, kuelewa. "Anasema chai yetu ni tamu, Mzee."

Bi Ormsby hakujua Kijapani, lakini macho alikuwa nayo. Aliporudi safari ya pili alileta mkalimani wake kutoka Tokyo, na Tsuritani akaachwa nje kupanga viatu vya wageni. Walichoongea ndani hakukisikia. Aliona tu Mzee akitoka na uso wa mtu aliyeng'olewa jino, ameumia lakini amepona.

Mei yakatoka matangazo ya mkutano. Kuyachapisha ilikuwa kazi ya Tsuritani, kwa lugha mbili, Kijapani na Kiingereza cha wale wa London. Hoja ya nne ilikuwa mpya. Kwa Kijapani ilisema kampuni inaomba kwa unyenyekevu uelewa wa wanahisa katika hatua mpya ya kupanga upya baadhi ya shughuli kwa ajili ya ukuaji wa muda mrefu. Ukiisoma unasinzia. Watu wetu tuna kipaji, tukitaka kumchoma mtu kisu tunakifunga kwanza kwa hariri na utepe.

Kiingereza hakikuwa na utepe. Tsuritani alisimama kando ya mashine ya kuchapishia akasoma maneno aliyoyakariri mwenyewe majini: karakana ya kuyeyusha shaba, idara ya kufungasha na Idara ya Utawala zitatengwa kuwa kampuni tanzu inayomilikiwa yote na Kurobane, kisha hisa zake zote zitauzwa. Mzee anabaki kitini. Kigoda kinauzwa.

Alikwenda kwa Mzee, akainama mpaka mgongo ukalia.

"Mzee, samahani sana, hii hoja ya nne... na Idara ya Utawala imo."

"Tsuritani, wewe ni mtu wa nyumbani," Mzee alisema huku akiitazama picha ya babu. "Suala lako nitalitazama kwa moyo wangu wote."

Kwetu hapa, mtu akikwambia atalitazama jambo lako kwa moyo wote, nenda kanunue kamba ulifunge. Maana yake ni hapana. Hata mtoto wa chekechea wa Takaoka anajua. Tsuritani naye alijua, na bado aliinama tena akasema asante sana. Asante ya nini, jamani? Nikikumbuka asante ile hasira inanipanda hadi leo.

Nyumbani alimweleza Sumie yote. Sumie hakulia wala hakupiga kelele. Alimwekea supu, akakaa mbele yake.

"Hiyo hoja inapita vipi?"

"Kwa kuikata kampuni hivyo, inahitaji theluthi mbili ya kura."

"Na bila zile tisa zenu?"

Tsuritani alikuwa ameshapiga hesabu hiyo, alikuwa anaogopa tu kuisikia. "Haifiki."

"Basi umemaliza. Si wewe unayezipiga?"

"Mimi ndiye."

"Basi usiitume ile fomu. Nenda mkutanoni, usimame, useme tunapinga. Neno moja, Baba Nao. Umekariri maneno mia na kitu ya watu, umeshindwa na moja la kwenu?"

"Huwezi kujua, Mama Nao. Hakuna mtu aliyewahi kulisema mle ukumbini."

"Ndiyo maana wanawauza," Sumie alisema, akamwongezea supu.

Fomu hakuituma. Hilo nampa sifa, kwake yeye lilikuwa kama kuiba benki. Siku ya mazoezi alitaka kuwaambia wenzake kwamba hoja ya nne wanyamaze, lakini Numajiri alikuja akavuta kiti akakaa katikati ya kantini, anatafuna. Tsuritani akafanya mazoezi kama kawaida. Vijana wa karakana waliitikia vizuri kuliko miaka yote. Bi Hosomi alitoa sauti iliyotikisa vikombe, akamtazama bosi wake asifiwe, naye akamsifu.

Akajipangia mpango wake. Kalamu ataiacha nyumbani. Bila kalamu hakuna ishara, bila ishara hakuna kelele. Hoja ya nne ikisomwa patakuwa kimya, na katika kimya hicho yeye atanyoosha mkono kwa heshima, aombe nafasi, aseme.

Siku ikafika, mvua inanyesha. Kabla ya kutoka Sumie alimsafishia beji ya fedha kwa kona ya aproni yake. "Liseme," alimwambia. "Hata kwa kunong'ona."

Mstari wa mbele ulijaa. Bi Ormsby alikaa nyuma na mkalimani wake, mwavuli magotini. Hoja ya kwanza ilisomwa, na kwa kuwa kalamu haikuwepo, Tsuritani aliinua kidole kidogo tu. Hakuna pingamizi. Ya pili, kidole. Ya tatu, kidole. Alianza kupata matumaini kwamba watu wameshazoea kidole.

Mzee Kurobane akaisoma ya nne, mbio, kwa sauti ya mtu anayesoma bei za vitunguu. Akamaliza, akanyanyua macho.

Kidole hakikuinuka.

Palikuwa kimya. Kimya kama kile hakikuwahi kutokea katika ukumbi ule tangu ujengwe. Numajiri, mezani, aliacha kutafuna. Mzee akamtazama Tsuritani, na kwa mara ya kwanza katika maisha yao, Mzee ndiye aliyekuwa anaogopa. Tsuritani alikiona kile kihofu. Alikiona waziwazi, na kifua kikamjaa hewa, na neno likawa tayari ulimini. Akanyoosha mkono kuomba nafasi.

Jamani, mkono! Miaka ishirini na kitu wale watu hawakuwahi kuitazama kalamu. Walikuwa wanatazama bega. Bega lilipopanda, mstari mzima ukalipuka kutoka tumboni, vijana wa shaba na mama wa kufungasha, wote waliokuwa wanauzwa: "HAKUNA PINGAMIZI!"

Na sauti kubwa kuliko zote ilikuwa yake. Mdomo haukumngoja. Hewa aliyoivuta kwa ajili ya neno lake ilitoka na neno la miaka yote, na mikono ikafuata, ikapiga makofi, pa pa pa, naye anaitazama ikipiga. Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi.

"Nashukuru," alisema Mzee Kurobane, akijifuta jasho. "Hoja imepita."

Kwenye korido watu walikuwa wanapokea mifuko ya kamaboko. Bi Hosomi alimvuta Tsuritani mkono, uso unang'aa. "Bosi, leo ilitoka tumboni, au sivyo?"

"Ilitoka, Bi Hosomi."

"Ulikawia kidogo, tukaogopa. Tukasema, bosi anaumwa nini?"

Bi Ormsby alipita, akasimama, akamwambia kwa Kiingereza, polepole kama ile siku ya chai: "Nilikuja nikijua nitashindwa, maana fomu yenu haikufika. Zile asilimia tisa zenu zilinikosesha raha mwezi mzima. Ninyi ndio mlikuwa wenye uamuzi."

Tsuritani alielewa kila neno. Hakuhitaji kikadi hata kimoja. "Asante sana," alimjibu, kwa Kiingereza safi.

Alifika nyumbani amelowa, mfuko wa kamaboko mkononi, beji ya fedha bado kifuani kwa wiki zilizosalia kabla ya kuuzwa. Sumie alikuwa amesimama mlangoni na taulo. Hakumpa. Alimtazama kwanza usoni.

"Ulisema?"

"Nilisema."

"Wakakusikia?"

Tsuritani aliinama kuvua viatu, akachukua muda mrefu kwenye kamba. "Walinisikia wote," alisema. "Hakuna aliyenizidi sauti."